Lenzi za Zamani kwenye Kamera za Leo: Mwongozo wa Msimu wa Kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, pwani yote huwa nje. Watoto wanarusha tiara, vijana wanacheza mpira wa mchangani, wazee wanahamishia bao chini ya mti, na kila jioni kuna mtu anaruka majini mahali fulani. Sijaona msimu mzuri zaidi wa kujifunza kupiga picha kwa lenzi ya zamani, ile isiyo na mota wala chipu, inayotaka uzungushe pete ya fokasi kwa vidole vyako mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera ya kidijitali, hata kama ni ya mtumba, anayetaka kununua lenzi moja ya miaka ya 60 au 70 na kuitumia hadi masika yaingie. Nasema moja kwa makusudi. Wanaonunua tano kwa mpigo hutumia msimu mzima kuzilinganisha, na picha hazipigwi.

Hatua ya 1: Ijue kamera yako kwanza

Kila aina ya kamera ina umbali wake kati ya pete ya chuma unapofungia lenzi na sensa iliyo ndani. Umbali huo ndio unaoamua ni lenzi zipi zitakubali. Lenzi za uzi wa M42, ambazo ndizo zilizotapakaa na nyingi ni nafuu, zilibuniwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani zina umbali mfupi zaidi: Nikon Z ni milimita 16, Fujifilm X ni 17.7, Sony E ni 18, Canon RF ni 20. Nafasi inayobaki hujazwa na adapta, ambayo ni bomba la chuma tu, ndani halina kioo. Ndiyo maana kamera hizi hupokea karibu lenzi yoyote ya zamani.

Mwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo cha ndani, inabidi awe mwangalifu zaidi, na huku kwetu ndio wengi, kwa sababu DSLR za mtumba zimejaa madukani. Canon EF ina milimita 44, hivyo M42 inaingia kwa adapta nyembamba na fokasi inafika hadi mbali kabisa. Nikon F ina 46.5, yaani imezidi mahitaji ya M42 kwa milimita moja hivi. Milimita hiyo moja inatosha kuharibu kazi: lenzi itapiga vitu vya karibu tu na upeo wa bahari utabaki na ukungu. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha hilo, lakini kioo chenyewe mara nyingi ni duni na kinaharibu ule mwonekano uliokufanya uitake lenzi. Mwenye Nikon ya DSLR namshauri atafute Nikkor za AI au AI-S, lenzi za zamani za Nikon wenyewe. Zinaingia moja kwa moja. Ila kwenye kamera ndogo kama D3200 au D5300, kipimo cha mwanga hakifanyi kazi na lenzi hizo, kwa hiyo utakadiria mwanga kwa jicho au kwa programu ya simu.

Angalia pia ukubwa wa sensa. Kwenye sensa kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 58 inaona vilevile ilivyoona kwenye filamu. Kwenye APS-C, yaani sensa ndogo zaidi, ya Sony, Nikon au Fujifilm unazidisha kwa 1.5, kwa hiyo inaona kama ya 87. Ni nzuri kwa uso wa mtu, lakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe utakuwa unarudi nyuma hadi ugonge ukuta. Kwa mitaa myembamba ukiwa na APS-C, tafuta milimita 28 au 35.

Hatua ya 2: Chagua lenzi

Majina ni mengi. Nitataja matatu tu, kwa sababu yanapatikana kwa urahisi na kila moja lina tabia yake.

Helios 44-2, milimita 58, f/2 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni pana), ni ya Umoja wa Kisovieti, iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera za Zenit. Mpangilio wa vioo vyake umetokana na Biotar ya Zeiss ya Ujerumani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana bado ni nafuu. Watu wanaipendea jinsi mandhari ya nyuma inavyozunguka pembezoni mwa picha ukiifungua yote. Ujue tu kwamba mzunguko huo unakaa kwenye kingo za picha, na sensa ya APS-C inazikata kingo hizo. Ukiwa na kamera ya aina hiyo utapata sehemu tu ya kile unachokiona kwa wenzako.

Super-Takumar ya milimita 50, f/1.4, ya Asahi wa Japani, ni chombo kilichoundwa kwa ufundi wa hali ya juu. Pete yake ya fokasi ikiwa katika hali nzuri inateleza kwa ulaini ambao lenzi nyingi za leo hazina. Matoleo yenye vioo saba yana thoriamu ndani ya kioo, na baada ya miaka mingi kioo hicho hugeuka rangi ya manjano. Mionzi yake ni midogo, haimzuii mtu kuitumia; usiifungue tu na kuanza kusugua vioo vya ndani. Umanjano huondoka kwa mwanga wa urujuanimno: taa ndogo ya LED ya aina hiyo ikiangaza kioo kwa siku kadhaa, hupungua sana. Wengine huiweka lenzi juani dirishani. Kwa jua letu siipendi njia hiyo, kwa kuwa joto linalainisha grisi ya ndani na mafuta yanatambaa hadi kwenye majani ya tundu la mwanga. Isitoshe, lenzi iliyoachwa wazi juani inaweza kukusanya miale na kuwasha moto.

Pentacon ya milimita 50, f/1.8, kutoka Ujerumani Mashariki, haina sifa kubwa midomoni mwa watu, na hilo ni faida kwa mnunuzi. Inakaribia kitu hadi sentimita 33, wakati Helios 44-2 inaishia nusu mita. Kwa makombe ya baharini, mikono ya mpishi wa urojo, au nakshi za mlango wa Lamu, hizo sentimita zina maana kubwa.

Mwenye sensa kamili ningemwelekeza kwenye Helios. Mwenye APS-C achukue Takumar au Pentacon. Ukiwa na ndugu anayeishi Ujerumani, mwombe atembelee masoko ya vitu vya zamani wakati wa kiangazi chao, kama lile la Mauerpark, Berlin, kila Jumapili. Kamera za Praktica na lenzi za M42 zilitengenezwa nchini humo kwa wingi, na bado zinatoka kwenye madari ya nyumba za watu.

Hatua ya 3: Ikague kwa tochi kabla ya kutoa pesa

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu zaidi. Adui wa lenzi pwani ni kuvu, na kuvu haionekani kwenye mwanga wa dukani.

Muombe muuzaji kwa adabu: "Mzee, naomba niimulike kidogo." Muuzaji mwenye mali safi hatakataa. Fungua tundu lote, hadi namba ndogo kabisa kwenye pete. Simama mahali penye kivuli, washa tochi ya simu, ielekeze kwenye kioo cha nyuma kwa mshazari, kisha chungulia kutokea mbele ukiwa umeigeuza lenzi kidogo ili mwanga usikupige jichoni. Zungusha polepole. Kuvu huonekana kama utando wa buibui, au vijitawi vyembamba vinavyoanzia ukingoni na kuelekea katikati. Chembe za vumbi zitaonekana nyingi na zitakutisha bure. Hazina athari kwenye picha. Ukiona weupe uliosambaa sawasawa kama pumzi kwenye kioo, huo ni ukungu wa mafuta ya ndani, na fundi anaweza kuusafisha.

Lenzi yenye kuvu usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Fundi anaweza kuiua, lakini kama imeshakula utando wa rangi unaokinga kioo dhidi ya mwako, alama hazifutiki tena, na kwa unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja itaota upya mahali palepale.

Baada ya kuvu, kagua majani ya tundu. Fungua na funga mara kadhaa. Yawe makavu na yaitike haraka. Yakiwa na mng'aro wa mafuta kwenye lenzi yenye pini ya nyuma inayobonyezwa ili tundu lijifunge lenyewe, yatakuwa mazito. Helios 44-2 haina pini hiyo, tundu lake linafungwa kwa mkono, hivyo mafuta kidogo hayana neno. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho: uzito wa wastani ni sawa, mikwaruzo ya mchanga inayosikika si sawa. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye kioo cha mbele usikukoseshe usingizi. Ulio kwenye kioo cha nyuma ni wa kuogopa, kwa kuwa uko karibu na sensa na huonekana zaidi.

Hatua ya 4: Adapta na mipangilio ya kamera

Nunua adapta isiyocheza. Ifunge, shika lenzi, itikise kidogo, ikilegalega, irudishe. Adapta mpya za bei rahisi huwa na vumbi la chuma kwenye uzi, basi zipulize na kuzifuta kabla hazijaikaribia sensa. Kama lenzi yako ina pini nyuma na haina swichi ya kuchagua kati ya A (tundu lijifunge lenyewe) na M (kwa mkono), kama zilivyo Helios za 44M-4, hakikisha adapta ina ukingo wa ndani unaoibonyeza pini, la sivyo tundu halitafunga kamwe. Takumar ina swichi; iweke kwenye M.

Kisha ingia kwenye menyu ya kamera. Kamera nyingi hudhani hakuna lenzi na hukataa kupiga, kwa hiyo tafuta chaguo la kuruhusu shata kufyatuka bila lenzi na uliwashe. Washa pia mistari ya rangi inayoonyesha kilicho ndani ya fokasi. Chagua nyekundu, kwa sababu nyeupe inapotea kwenye mchanga na njano kwenye majani makavu. Weka kitufe kimoja cha kukuza picha kwenye skrini. Kwa lenzi iliyo wazi kwenye f/2, mistari ile hudanganya, na kukuza ndiko kunakosema kweli. Kama kamera ina kituliza mtikisiko ndani yake, ingiza namba halisi iliyoandikwa kwenye lenzi, yaani 58 ibaki 58 hata kwenye APS-C. Ukizidisha hapo, kamera itatuliza kupita kiasi na picha itatetereka.

Kwenye kamera yenyewe, si kwenye swichi ya lenzi, chagua modi ya A ukiwa bado unazoea: wewe unachagua tundu kwa pete, kamera inachagua kasi.

Hatua ya 5: Jaribu kama inafika mbali

Nenda ufukweni asubuhi na mapema, kabla hewa haijaanza kucheza kwa joto. Ukiwa Dar, meli zinazosubiri zamu nje ya bandari ni shabaha nzuri. Kwingineko tumia mnara ulio mbali au mwezi. Zungusha fokasi hadi mwisho na ukuze skrini. Meli ikiwa kali kabla pete haijafika mwisho, adapta ni fupi kidogo na hakuna tatizo, ila usitegemee alama za umbali kwa asilimia mia. Meli ikibaki na ukungu pete ikiwa mwisho kabisa, adapta ni nene mno. Ibadilishe, hakuna dawa nyingine.

Hatua ya 6: Piga

Anzia kwenye kivuli. Wazee wa bao chini ya mkungu au mwarobaini ni mahali pa kuielewa Helios kwa siku moja. Salimia, keti, tazama mchezo ukiisha walau mmoja, ndipo uombe. Kaa mita moja na nusu kutoka kwa mchezaji, huku majani yenye vipenyo vya mwanga yakiwa mita tano au zaidi nyuma yake. Fungua f/2. Vile vipenyo vya mwanga vitageuka viduara, na vilivyo pembezoni vitabanwa kuwa mviringo wa yai vikimzunguka. Kwa umbali huo kina cha fokasi ni kama sentimita nane tu, basi weka fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, na mzee akiinamia kete, inama naye kidogo badala ya kuhangaika na pete.

Helios 44-2 ina pete mbili za tundu, na wengi huzichanganya. Moja unaiweka kwenye namba unayotaka kupigia, tuseme f/8. Nyingine inateleza huru kati ya wazi kabisa na ile namba uliyochagua. Kwa hiyo unafungua, unaweka fokasi kwenye mwanga mwingi, kisha unaizungusha hadi ikwame na kupiga, bila kuondoa jicho kwenye kamera. Ukiizoea, ni haraka kuliko inavyosikika.

Mchana wa jua kali, anza na kanuni ya zamani: f/16, na kasi inayolingana na ISO, ile namba ya wepesi wa sensa kwa mwanga. ISO 100, kasi ni 1/100 au 1/125. Ukifungua hadi f/8, kasi inapanda mara nne. Kanuni hii itakusaidia sana kwenye Nikon isiyopima mwanga.

Sasa jioni, Forodhani, Unguja. Makachu, yaani vijana wanaokuja mbio na kujirusha baharini kutoka ukutani wakipinduka hewani, ni mtihani halisi wa fokasi ya mkono. Hakuna anayeweza kumfuata mtu aliye hewani kwa pete, basi usijaribu. Unaitega lenzi mapema. Simama pembeni ya ukuta, mita tano kutoka mahali wanaporukia, na weka fokasi kwenye ukingo wenyewe wa ukuta. Funga hadi f/8. Kwa lenzi ya 58 kwenye sensa kamili, kila kilicho kati ya mita 3.7 na 7.7 hivi kitakuwa kikali. Kwenye APS-C ni kati ya mita 4 na 6.5. Kasi 1/1000, ISO 400 au 800 kadiri jua linavyoshuka. Kisha usiguse pete tena. Ngoja mrukaji afike kileleni, pale mwili unapokuwa kama umesita kabla ya kuanguka, ndipo ufyatue. Ukisubiri uone mkao mzuri, umeshachelewa. Fyatua anapoanza kujikunja.

Jua hapo linazama upande wa bahari, mbele yako. Lenzi za wakati ule, hasa zenye utando wa tabaka moja, zikitazama jua huvuja mwanga, weusi unakuwa kijivu na duara za rangi zinatokea. Unaweza kuutaka mwako huo, mimi naupenda kwa kiasi. Usipoutaka, sogea hatua mbili ili jua lizibwe na mwili wa mrukaji au mti, au liweke nje ya fremu na ukinge kioo kwa kofia ya lenzi. Kiganja cha rafiki pia kinatosha. Kama umefunga filta ya kukinga chumvi, ivue kwa dakika hizo. Kioo bapa mbele ya lenzi kinazalisha taswira ya pili ya jua. Helios 44-2 na Takumar hii zote zinatumia filta za milimita 49, kwa hiyo moja inazitosha.

Kabla ya yote hayo, zungumza na vijana wenyewe. Wengi wanafurahia kupigwa na wana fundi wao anayeanza na anayemaliza. Wakiomba chochote, mkubaliane kabla, na uwatumie picha kwa WhatsApp usiku huohuo. Mtoto mdogo asipigwe bila mkubwa wake kuridhia.

Mpira wa mchangani, Coco Beach au popote, unafuata mbinu ileile ya kutega: chagua eneo la goli, si mchezaji. Ngalawa ni rahisi zaidi, zinakuja zenyewe taratibu.

Usibadilishe lenzi ufukweni. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto la nje. Ukiitoa ghafla, mvuke utaganda kwenye vioo, hata vya ndani, na hapo ndipo kuvu huanzia.

Hatua ya 7: Kompyuta

Piga RAW daima, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Lenzi ya zamani ina utofauti mdogo kati ya giza na mwanga, na faili ya JPEG haikuachii nafasi ya kuurudisha.

Huhitaji kulipia programu. Darktable na RawTherapee ni za bure na zinaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Natumia Darktable, na mpangilio wangu kwa picha za lenzi hizi ni huu: kwanza nasahihisha mwangaza wa jumla. Kisha naingia kwenye moduli ya haze removal na kuisogeza kidogo tu, kwa kuwa inarudisha weusi uliopotea kwa ule mwako. Ikizidi, anga inageuka chafu. Halafu rangi. Picha ya Takumar yenye umanjano hutengenezwa kwa kusawazisha rangi nyeupe, na njia ya uhakika ni kupiga kipande cha karatasi nyeupe mahali palepale na kuchukua kipimo hapo. Kingo za zambarau kwenye matawi yaliyo mbele ya anga, ambazo hutokea kwenye f/1.4 na f/2, zinaondoka kwa moduli ya chromatic aberrations. Ukali naongeza kidogo mno. Giza la kwenye pembe naliacha, hilo ni sehemu ya lenzi.

Kwa nyeusi na nyeupe, punguza bluu na ongeza nyekundu kwenye kichanganya rangi, anga itashuka na matanga ya jahazi yatasimama. Kabla ya kuamua weusi uwe mzito kiasi gani, pita Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, uzitazame picha zao za zamani kwa karibu. Ngozi za watu mle hazijakaushwa wala kufanywa makaa, na kivuli chini ya dari za baraza bado kina kitu ndani yake.

Kuna kazi moja ndogo ambayo watu huiruka na kuijutia baadaye: kamera haijui ulitumia lenzi gani, basi faili haiandiki kitu. Pakua ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, na kwenye folda ya picha ulizokamilisha andika:

exiftool -LensModel="Helios 44-2 58mm f/2" -FocalLength=58 *.jpg

Itaandika jina kwenye picha zote kwa mkupuo na kuhifadhi nakala za awali pembeni. Namba ya tundu haiwezi kujua, kwa hiyo kama unaihitaji, iandike kwenye daftari ukiwa bado hapohapo. Mwenye simu tu atumie Snapseed, inatosha kwa kusawazisha mwanga na rangi.

Hatua ya 8: Itunze kabla masika hayajafika

Ukirudi kutoka baharini, futa mwili wa lenzi, si kioo, kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kioo kipulize kwanza. Chembe moja ya mchanga ikisuguliwa na kitambaa inaacha alama ya kudumu.

Ile pochi ya ngozi iliyokuja na lenzi usiihifadhie lenzi ndani yake. Najua inapendeza, lakini ngozi na gundi yake hushika unyevu na kuilisha kuvu. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na mpira, weka ndani vipakiti vya silika vya rangi ya chungwa na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kwa muda mrefu, kuvu inapata nafasi. Ikishuka sana chini ya 30, grisi inakauka. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili na uirudishe. Mchele usiutumie, unaacha unga kwenye pete na haunyonyi vya kutosha.

Mwanzoni mwa Machi, kabla ya mvua, badilisha silika zote kwa mpigo mmoja. Kuanzia hapo hadi Juni toa lenzi mara moja kwa mwezi, zungusha pete zote mwanzo hadi mwisho, na uimulike kwa tochi kwa mshazari kama ulivyofanya dukani. Ukiona kijitawi cha kwanza ukingoni, mpelekee fundi wiki hiyohiyo, wakati bado hakijagusa utando wa kioo.